Fundi Asiyepima Mara Mbili

Fundi wetu wa nguo haandiki vipimo. Naanza na hilo kwa sababu mengine yote yametokea hapo. Mafundi wenzake wa Kariakoo wana madaftari yaliyochakaa, yamejaa vifua na viuno vya watu. Yeye ukimuuliza daftari lake liko wapi, anajigonga kipaji cha uso kwa kidole. "Fundi anayeandika vipimo ni karani," anasema, "na mimi sikusomea ukarani." Kichwa chenyewe anachokigonga ndicho hicho kilichoangukiwa na belo la mitumba miaka tisa iliyopita, na bado anakigonga kwa majivuno yaleyale.

Anashonea barazani, kwenye nyumba ya zamani iliyobanwa na maghorofa mawili, hatua chache kutoka sokoni. Cherehani yake ni ya miguu. Ya umeme aliletewa na wanawe, akaitandikia kitambaa na kuweka redio juu yake. Nimemjua tangu nasoma sekondari, na sasa nina miaka arobaini na tano na kiuno ambacho sitakitaja hapa.

Kupimwa kwake kulikuwa hivi, hasa kwa sisi wanawake. Unaingia nyuma ya pazia na mkewe. Mkewe anakuzungushia tepu, anataja namba kwa sauti ya chini, na yeye kakaa nje kaupa mlango mgongo, anatazama barabara huku anazirudia namba zile midomo ikicheza kama anavuta uradi. Ukitoka, basi, umepimwa. Hupimwi tena maisha yako yote. Ukimwambia fundi, mimi nimeongezeka kidogo, anakutazama kwa huruma. "Mteja wangu simpimi mara mbili. Umbo likibadilika, hilo ni kosa la mwenye umbo." Hata hivyo zamani alikuwa anatazama kwa jicho la pembeni, anaongeza inchi kimyakimya bila kukuaibisha, na nguo inakaa. Mimi nilipimwa nina miaka ishirini, kwa ajili ya gauni la kuagwa kwangu kabla ya harusi. Nilikuwa mwembamba, jamani. Wallahi nilikuwa mwembamba.

Kasoro yake ilikuwa moja tu, na mtaa mzima uliijua: kesho. Njoo kesho. Nguo ya Idi utaipata tarehe tatu Mfunguo Mosi, Idi imeshapita. Alikuwa anasema kesho huku anakuangalia usoni, na macho yake hayapepesi. Mama yangu siku moja alimletea kigoda chake mwenyewe kutoka nyumbani, akakiweka mbele ya cherehani, akakaa asubuhi mpaka adhuhuri anamtazama anavyoshona nguo ya mtu mwingine. Fundi akamuuliza kama amekuja kukaa eda, mume amekufa lini. Mama akamjibu kwamba mume bado hajafa, ila fundi akiendelea kusema kesho atakufa yeye leo.

Hawakuwa wanagombana. Walikuwa watani. Yeye Mnyamwezi, mama yangu Mzaramo, na watani hao wakikutana hakuna heshima inayosalia. Mama alimwita Mpagazi, kwa kuwa eti babu zake walifika pwani na mizigo kichwani. Yeye alimwita mama Mwali, ati Wazaramo kazi yao ni kucheza ngoma na kutolewa nje, na mama wakati huo ana wajukuu wanne. Mama akipita barazani lazima aseme, "Mpagazi, umemaliza?" Naye lazima ajibu, bila kuinua macho, "Mwali, umeshacheza?" Kama mmoja wao akisahau, siku hiyo mwingine alikuwa anahisi ana homa.

Sasa lile belo. Lilikuwa linateremshwa kutoka ghorofani kwa kamba, na kamba ikakatika, na yeye alikuwa anapita chini na jora la kitambaa begani. Huyu ni mtu aliyekuwa anaichukia mitumba kwa miaka. Alikuwa anasema ndiyo iliyomnyang'anya nusu ya wateja, na kwamba suruali ya maiti wa Ulaya haiwezi kuwa na baraka. Alilala hospitali wiki nyingi. Alipozinduka na kuelezwa kilichomwangukia, alicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini. Halafu baada ya nusu saa akauliza tena nini kimemwangukia, akaelezwa, akacheka tena vilevile. Hapo ndipo mkewe alipoelewa kwamba kuna jambo.

Daktari alieleza kwa lugha ya kawaida. Yaliyoingia kichwani kabla ya ajali yapo, tena yamekaa vizuri. Mapya ndiyo hayashiki. Yanakaa dakika chache, na akigeukia jambo lingine yanaondoka. Kwa hiyo fundi anakumbuka bei ya jora la teteroni la mwaka aliokuja Dar, na hakumbuki kama amekunywa chai.

Kuna watu waliomsikitikia kupita kiasi, na yeye huruma haiwezi. Alijitengenezea utaratibu. Mfuko wa kushoto wa kanzu yake una vifungo, wa kulia mtupu. Akishaswali anahamisha kifungo cheupe. Akinywa kahawa anahamisha cheusi. Akila, cha kahawia. Ukimuuliza fundi, umekula, haulizi mtu, anaingiza mkono mfukoni. Siku moja magharibi akaingiza mkono, akakuta mfuko wa kulia hauna kitu. Akaona balaa gani hii, siku nzima sijaswali, sijala. Akaswali Alfajiri, akaswali Adhuhuri, akaswali Alasiri, akaja na Magharibi yenyewe, kisha akala ubwabwa sahani nzima juu ya ule aliokwisha kula. Mkewe ndiye aliyekuja kuona vifungo vyote vimeshukia kwenye pindo. Mfuko ulikuwa umetoboka. Fundi mzima wa nguo, mfuko umetoboka. Alimwomba mkewe asimwambie mtu, na kabla ya Isha habari ilikuwa imefika Ilala.

Na lile la kesho nalo. Mtaa haukulitegemea hili. Zamani alikuwa na nguo arobaini kichwani, anajua ya nani imeahidiwa lini, na anapanga mwenyewe nani wa kumdanganya. Baada ya ajali hajui tena. Anachukua kitambaa kilicho juu ya rundo, anashona, anamaliza, anachukua kinachofuata. Nguo zikaanza kutoka kwa wakati. Watu wakashangaa. Mama akasema belo lile lingedondoka mapema tungevaa vizuri miaka yote, na fundi alipoambiwa alikubali kwamba inawezekana. Neno lenyewe halijamwisha mdomoni, bado anakwambia njoo kesho. Ila sasa ukija, nguo ipo.

Tatizo likawa vipimo.

Wateja wapya hawana shida. Mkewe anawapima, anaandika kwenye karatasi, anaibana kwa pini juu ya kitambaa, na yeye anaisoma bila kinyongo kwa kuwa mtu hamjui. Shida ni sisi wa zamani. Sisi tumo kichwani, na tumekaa humo kama tulivyokuwa. Ile inchi aliyokuwa anaiongeza kimyakimya haipo tena, kwa sababu akimaliza kukutazama na kugeukia mkasi, wewe wa leo umeshamtoka, amebaki na wewe wa siku ile ya tepu. Mkewe alijaribu kubana karatasi kwenye kitambaa changu. Akaisoma, akamuuliza nani kaandika upuuzi huu, huyu binti si huyu tunayemjua, akaichana.

Wa kwanza kukumbwa ni jirani mwenye duka la viatu. Alishonewa suruali ya harusi ya mpwa wake kwa kiuno chake cha ujana. Akajibana, akaivaa, akaenda. Ilivumilia akiwa amesimama. Alipokaa chini kula pilau, wote tuliokuwa ndani ya turubai tulisikia.

Kesho yake alikuja na suruali mkononi, kanuna, na kwa bahati fundi alikuwa msikitini. Mkewe akatuita sisi wateja wa zamani tuliokuwepo pale barazani. Si mwanamke wa maneno mengi. Alituomba tusimrudishie nguo hata moja, tuchukue, tushukuru, tuondoke. "Akijua anakosea, ataacha," alisema. "Na akiacha kushona, mchana kutwa atakuwa anamuuliza nani yeye ni nani?"

Mwenye duka la viatu akaikunja suruali, akaiweka chini ya kwapa. Tangu siku ile mtaa wetu una siri moja ambayo watu wote wanaijua isipokuwa mtu mmoja. Nguo ikitoka kwa fundi inavuka kwenda Magomeni, kwa mama mmoja fundi mwenzake, ambaye anafumua, anaongeza vipande ubavuni, anashona upya. Yule mama anatujua sote sasa. Akiona mfuko wa nguo anauliza tu, huyu naye aliolewa mwaka gani. Tena hajidai, anasema mshono wa mzee ni mzuri mpaka anaona haya kuufumua. Tunatumia nauli, tunatumia muda, tunalipa mara mbili, na kuna siku nikiwa njiani naona sisi sote ni wendawazimu. Halafu napita barazani, namwona kainama kwenye cherehani anapiga mluzi, najua kwa nini.

Mama yangu peke yake ndiye aliyekwenda Magomeni kwa sababu nyingine. Yeye alipimwa akiwa na umri wangu wa sasa, amejaa vizuri, na uzee ulipokuja ukampunguza. Nguo zikampwaya, yule mama akawa anampunguzia. Alijivunia hilo, akatuambia sisi wengine tunaona wivu.

Alifariki miaka mitatu iliyopita. Fundi alikuja msibani, mkewe ubavuni akimkumbusha, kama mtani anavyopaswa kuja. Alijifunga kanga ya mama kiunoni, akapita katikati ya waombolezaji kwa mwendo wake ule wa kuburuza kandambili, anashika nguo za watu anakagua mishono, anasonya. Akafika kwa kaka yangu mkubwa, akamtazama juu mpaka chini, akamuuliza kwa sauti ya mama, "Na wewe hii umeiokota wapi?" Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Mimi nilicheka mpaka nikashindwa kupumua, kisha nikalia vizuri kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Sitamsahau kwa siku ile, hata yeye akiisahau.

Naye aliisahau. Wiki haijaisha napita barazani, ananiuliza mbona Mwali hajaja kuchukua gauni lake la kitenge, lile la njano lenye tausi, limekwisha siku nyingi. Nikamwambia fundi, mama ametutoka. Akaacha cherehani. Alilia kama mtu aliyeambiwa sasa hivi, na kwake yeye ndivyo ilivyokuwa. Wiki iliyofuata akauliza tena, nikamwambia tena, akalia tena vilevile. Mara ya tatu nikaona sina haki ya kumfanyia hivi mzee wa watu. Nikasema, "Kesho, fundi. Atakuja kesho." Akaridhika, akaendelea kushona. Nilimwendea mkewe nikamwambia najisikia vibaya kumdanganya. Akasema nisijali, mume wake ametuambia sisi kesho miaka zaidi ya ishirini, anastahili kurudishiwa kidogo.

Gauni likabaki limetundikwa nyuma ya pazia, ndani ya nailoni. Mimi kila nikiingia pale nilikuwa naangalia upande mwingine.

Mwezi uliopita nilikuwa na harusi ya binamu, nikampelekea kitambaa cha zambarau. Siku ya kuchukua nilikwenda na binti yangu, ana miaka kumi na tisa, yuko likizo ya chuo. Sikuwahi kumpeleka pale tangu akiwa mdogo. Nia yangu ilikuwa ile ya siku zote: chukua, shukuru, vuka Magomeni.

Mkewe alinipokea na uso umembadilika. Akanionyesha kwa macho kwenye cherehani. Kulikuwa na karatasi imebanwa pini, mwandiko wa fundi mwenyewe: USIMPE MTU NGUO KABLA HAJAIVAA UKAIONA. Alininong'oneza kwamba juzi karani mgeni wa duka la jirani alimtania fundi mbele ya watu, eti nguo zako si zinakwenda kupanuliwa Magomeni. Fundi akaacha kushona. Akachukua karatasi, akaandika, akaibana. Baada ya muda hakukumbuka nani kasema nini. Ila karatasi ilibaki pale, na yeye karatasi zake anazitii.

Nikatulia. Nikasema labda leo haijamwangukia machoni. Nikamsabahi, shikamoo fundi, na yeye akaitika marahaba huku kainamia mshono. Mkewe akamwambia gauni la zambarau mwenyewe amelifuata. Akalitoa, akalikung'uta, akataka kunipa, jicho likaenda kwenye karatasi. Akaisoma taratibu. Akaisoma mara ya pili.

"Alivae," alisema. "Nilione."

Gauni lile kwangu lisingepita hata mabegani. Miaka tisa mtaa mzima umeficha, na siri inakuja kufumuka mikononi mwangu. Mkewe alikuwa anasokota ncha ya kanga yake, anaisokota na kuisokotua. Nikawa natafuta uongo, nasema fundi nina haraka, nasema nina mafua, na yeye amesimama na gauni mkononi, ananingoja, na wasiwasi nimeuona unaanza kumpanda usoni. Alikuwa hajui anaogopa nini. Karatasi ndiyo iliyokuwa inajua.

Binti yangu hajui habari hizi. Lakini ana macho. Aliangalia gauni, akaniangalia mimi, akalipokea. "Nipe mimi, babu, navaa," akasema, akaingia nyuma ya pazia, na mkewe akamfuata mbio.

Fundi akakaa, akatupa mgongo, akatazama barabara kama zamani. Midomo ilikuwa inacheza.

Binti alipotoka, nilijiona. Naomba nisamehewe kwa kusema hivyo kuhusu mwanangu, ila nilijiona, nimesimama pale barazani nina miaka ishirini. Kiuno kimekaa, bega limekaa, pindo limegusa pale linapopaswa kugusa. Hakuna mahali pa kuingiza pini. Fundi aligeuka, akamzunguka, akavuta mkono wa gauni kidogo, akauachia. Akamwita kwa jina langu. Akamwambia, "Nilikupima mara moja tu."

Binti akafungua mdomo, nikamkanyaga mguu.

Ndipo fundi akaniona mimi. Aliniangalia kwa muda, mtandio wangu, mwili wangu, kandambili zangu. Uso ukamfunguka wote.

"Mwali," alisema. "Umeshacheza?"

Kwa miaka mitatu hakuna aliyeliuliza swali lile mbele yangu. Mkewe aliinamisha kichwa. Nami nilijua ni nini kinatakiwa kujibiwa, nimekisikia utoto wangu wote, na kikatoka chenyewe, kwa sauti ambayo haikuwa yangu sana.

"Mpagazi, umemaliza?"

"Nimemaliza zamani, wewe ndiye huji. Kila siku naambiwa kesho, kesho." Sijui hilo lilimshikaje kichwani. Akaingia nyuma ya pazia mwenyewe, akatoka na lile la njano lenye tausi, akaivua ile nailoni. "Vaa. Kuna karatasi hapa inasema lazima uvae."

Nilivaa. Mkewe alinifunga zipu mgongoni. Zipu ilipanda mpaka juu bila kukwama. Sijapata kuvaa nguo ya fundi huyu ikanikaa tangu belo lilipoanguka, na hii ilinikaa kama ilivyokusudiwa, kwa kipimo cha mwanamke wa umri wangu, aliyepimwa palepale kwa tepu ileile.

Nikatoka. Fundi akanitazama kwa ukali wa kazi, akashuka na jicho lake mpaka mikononi, akakunja uso. Mama alikuwa na mikono mifupi kuliko mimi. Inchi moja, labda na nusu.

"Mkono mfupi," alisema polepole. Akaangalia karatasi, akaangalia mkono. Nikaona ule wasiwasi unarudi.

"Nimebeba wajukuu wengi, Mpagazi," nikamwambia. "Mikono imenyooka. Ungemaliza mapema ungeikuta haijanyooka."

Alicheka. Alicheka kile kicheko cha hospitali alichokuwa anatusimulia mkewe, kichwa nyuma, mpaka mwenye duka la viatu akachungulia. Akasema Mzaramo akikosa sababu atasingizia hata viungo vyake. Kisha akachomoa pini, akaitoa ile karatasi, akaisoma mara moja ya mwisho. Akasema watu wote wamevaa na yeye ameona, haina kazi tena. Akaikunjakunja, akaitumbukiza kwenye kopo la vitambaa vilivyokatwa. Mkewe alikaa chini kwenye kizingiti, akavuta pumzi.

Mzee wa kahawa alikuwa anapita na birika lake. Fundi akapokea kikombe, akanywa, akahamisha kifungo cheusi. Sisi tukaaga, tumevaa hivyo hivyo, nguo zetu tulizokuja nazo tumezitia kwenye mfuko. Tulikuwa tumeshashuka ngazi ya baraza, mwanangu na zambarau, mimi na tausi wangu, alipotuita kutoka kwenye cherehani.

"Njooni kesho," alisema. "Zitakuwa tayari."

"Tutakuja, fundi," nikamwambia.